Maswali na Majibu: Babu alikuwa Keya, nianzie wapi kumtafuta?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari za babu yangu mzaa mama aliyekwenda vita ya pili, nikasema nilikuja kumpata kwa sababu ya kombe la bati, basi tangu siku hiyo simu haijapumzika. Tukuyu, Kilolo, Makambako, Mlowo, kila mtu ana babu. Nimefurahi mno maana nilidhani nahangaika na hawa wazee peke yangu. Nimechagua barua sita, nimezifupisha, na majina nimeyaacha kwa heshima ya familia. Kwa vijana wasiojua, Keya ndivyo wazee walivyotamka K.A.R., King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki, na Tanganyika ilikuwa na vikosi vyake humo. Vita ya pili ilichukua karibu watu 87,000 kutoka Tanganyika peke yake, wengine askari wa bunduki, wengine madereva, wauguzi, mapaniya wa kuchimba na kubeba, kwa hiyo ukiona ukoo wako hauna hata mmoja, hebu uliza tena.

Shikamoo mama. Mimi niko Tukuyu. Babu alifariki 1987, alikuwa Keya, alikuwa anasema alifika Bama. Ametuachia medali tatu kwenye kopo, mbili ni nyota za ncha sita, moja ni duara ina simba amekanyaga kitu kama joka. Maandishi ya kwenye nyota yamefutika maana bibi alikuwa anazisugua kwa majivu kila Krismasi. Nyuma hazina jina wala namba. Nimeambiwa niandike London watanipa faili lake lote. Ni kweli? (Mjukuu wa kwanza)

Marahaba mwanangu, na ndaga kwa barua. Kwanza tulia na hilo kopo kabla ya London.

Hizo medali zinaongea hata kama maandishi yameisha. Ya duara yenye simba juu ya joka la vichwa viwili ni medali ya vita ya 1939 hadi 1945, walipewa wengi sana, hiyo haikwambii alikwenda wapi. Nyota ndo zenye habari. Tazama kama kuna kipande cha utepe kimebaki, hata uzi. Kama pembeni ni bluu iliyoiva, katikati mstari mpana mwekundu, na katikati ya kila bluu kuna kamstari kembamba ka rangi ya chungwa, hiyo ni Burma Star, na babu alikuwa anasema kweli, Bama ndo hiyo Burma, leo Myanmar. Ile nyingine ikiwa na mistari mitatu inayolingana, bluu iliyoiva, nyekundu na bluu ya mbingu, ni nyota ya 1939-1945. Mwenzako ambaye babu yake aliishia Abisinia, Ethiopia ya leo, atakuta Africa Star, utepe wake una rangi ya mchanga. Na kutokuwa na jina nyuma usihuzunike wala usidhani ni feki, Mwingereza hakuandika majina kwenye nyota za vita ya pili, aliandika kwenye za vita ya kwanza, pembezoni kabisa mwa duara. Naomba tu msizisugue tena. Hata kwa kitambaa. Ziache na weusi wake.

Sasa London. Kwa askari Mwingereza ni kweli, mafaili yao yalikuwa wizara ya ulinzi na tangu 2022 yanahamishiwa kwenye jumba la kumbukumbu la taifa lililoko Kew, hukohuko London. Lakini babu yako hakuandikishwa Uingereza, aliandikishwa huku, na karatasi za askari walioandikishwa kwenye makoloni zilibaki na serikali za makoloni. Kwa hiyo ukijaza fomu yao na ukalipa ada, uwezekano mkubwa utajibiwa hayupo, na wewe utaumia ukidhani babu alidanganya. Hakudanganya. Umegonga mlango usio wake, basi.

Kilichopo Kew, na ni kitu kizuri sana, ni shajara za vikosi. Kila kikosi kilikuwa na ofisa anayeandika siku kwa siku tuko wapi, tumepigana na nani, wangapi wamekufa, mvua imenyesha vipi. Za Burma ziko kwenye mkusanyiko unaoitwa WO 172, za Abisinia utaanzia WO 169, za Madagaska WO 174. Majina ya maofisa wazungu yamejaa humo, askari wetu mara nyingi wanatajwa kwa idadi tu, hilo linaniuma kila nikifikiria lakini ndivyo ilivyo. Kwa hiyo kazi yako ni moja: jua kikosi. Ukishajua kikosi, shajara ya kikosi inakuwa shajara ya babu. Kuingia kusoma pale ni bure, kutolewa nakala unalipia, kama una ndugu au mtoto wa jirani anasoma Uingereza mtume na namba ya mkusanyiko, asiende mikono mitupu.

Utajuaje kikosi? Hapo ndo narudi kwenye kombe. Babu yangu aliacha kombe la bati la jeshi, bibi alikuwa anapimia ulezi, mimi nimelishika tangu mtoto, nimelioshea mtoni sijui mara ngapi. Siku moja nimeligeuza nalisugua kwa mchanga naona chini kuna mikwaruzo, nikadhani kutu, kumbe tarakimu, zimechongwa na kitu kama ncha ya msumari, moja moja, saba imekatwa katikati kama alivyofundishwa na wamisionari. Namba yake ya jeshi! Nilikaa chini palepale. Kwenye kitabu cha zamani cha boma, majina ya askari waliokuwa wanatuma fedha nyumbani kwao, kulikuwa na watu watatu wenye jina kama la babu, namba ndo ilinionyesha yupi ni wangu, na jina lake lilikuwa limekosewa herufi tatu, bila ile namba ningempita.

Kwa hiyo geuza kila kitu. Kombe, sahani, mkanda, sanduku la bati upande wa ndani ya mfuniko, jalada la Agano Jipya. Picha igeuze nyuma, studio za Nairobi na za Colombo zilipiga mihuri. Kama kuna cheti cha kuachishwa jeshi hata kama mchwa wamekula nusu, usikikunje tena, piga picha kwa simu mwanga wa asubuhi, weka kwenye bahasha ngumu. Halafu kaa na wazee. Usiulize "babu alikuwa kikosi gani", hawajui. Uliza alitaja miji gani, aliimba wimbo gani, begani alikuwa na nini. Mzee akikwambia kulikuwa na kichwa cha kifaru begani, hiyo ni divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ndiyo iliyokwenda Burma ikitokea Ceylon, Sri Lanka ya leo. Akikwambia mvua na malaria kwenye bonde hadi watu wakaliita bonde la mauti, hilo ni bonde la Kabaw, 1944. Akikwambia walivuka mto kwa daraja la chuma refu ajabu, hapo ni Kalewa, mto Chindwin, Desemba 1944, daraja lile lilikuwa na futi 1,154, la aina yake hapakuwa na refu kuliko hilo duniani wakati huo. Ndani ya divisheni hiyo vikosi vya Tanganyika vya bunduki vilikuwa cha 26 na cha 36. Na wewe wa Tukuyu usisahau Songwe si mbali, kama ukoo una watu Karonga inawezekana aliandikishwa upande wa Nyasaland, Malawi ya leo, basi utafute vikosi vya Nyasaland.

Huku nyumbani nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iko Dar, Upanga, mtaa wa Vijibweni. Beba kitambulisho na barua ya utambulisho ya kijiji. Usiombe "faili la babu", omba mafaili ya wilaya ya Rungwe ya miaka ya arobaini na ya jimbo la Nyanda za Juu Kusini, Southern Highlands Province, maana wakati huo hapakuwa na mkoa wa Mbeya kama tunavyoujua. Tafuta yanayohusu kuandikishwa askari, fedha za nyumbani, kurudi kwa askari. Nilifanya kazi masjala miaka mingi, nakwambia jambo la mtu mdogo halikai kwenye faili lenye jina lake, linakaa kwenye faili la fedha. Ukishindwa Dar, jumba la kumbukumbu la Nairobi pale Moi Avenue linafaa pia, makao makuu ya jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki yalikuwa Nairobi.

Na kanisani! Kitabu cha ubatizo cha Wamoraviani huko kwenu kinaanza zamani sana, walifika Rungwe 1891. Ukipata jina alilobatizwa na jina la baba yake kama lilivyoandikwa siku ile, umepata njia mbili zaidi za kumtafuta.

Kamwene mama. Babu mdogo wa baba yangu alichukuliwa jeshini 1942 kutoka huku Kilolo, akawekwa kwenye mizinga. Mwaka 1944 baba yake aliitwa boma Iringa akaambiwa mwanao amepotea baharini. Hawakupewa maiti wala kaburi, wakazika shuka lake. Bibi yangu mkubwa amefariki akiwa anasema labda kijana aliokolewa akaoa huko. Naomba kujua tu kama kuna mahali ameandikwa. (Msomaji, Kilolo)

Kamwene. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Kama ni mizinga, na ni baharini, na ni 1944, nadhani najua meli. Iliitwa Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Colombo, ndani yake kulikuwa na kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, watu 996, pamoja na manesi na wanamaji. Jumamosi tarehe 12 mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani namba I-27 ikaipiga torpedo mbili. Haikumaliza hata dakika mbili juu ya maji. Walikufa watu 1,297, waliookolewa ni kama mia mbili na kidogo. Na kuna jambo ambalo nililia nilipolisoma, nyambizi ilijificha chini ya wale waliokuwa wanaelea, manowari za Waingereza zikaangusha mabomu ya majini ili kuiua, na watu walikuwa hapohapo majini. Sikwambii hili nikuumize, nakwambia kwa sababu wazee wenu waliambiwa "amepotea" na neno hilo linaacha mlango wazi miaka themanini.

Askari wa mizinga waliokufa kwenye meli hiyo majina yao yako Nairobi, kwenye mnara wa ukumbusho wa Afrika Mashariki ulio ndani ya makaburi ya vita, barabara ya Ngong. Huna haja ya kwenda kwanza. Kuna Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, wana orodha kwenye intaneti na ni bure kabisa, hata kwa simu inafunguka. Chagua vita ya pili, chagua jeshi la nchi kavu, kwenye kikosi andika East African Artillery, na kwenye jina ukiweza usiandike kitu, weka tu tarehe ya kifo 12 Februari 1944, halafu soma majina yote taratibu. Ndiyo, yote. Kaa na mzee pembeni umsomee kwa sauti, maana karani aliyeyaandika hakuwa Mhehe, aliandika alichosikia. L inakuwa R, "mgo" inakuwa "mungo", jina la baba linawekwa mbele, na wengine waliandikishwa kwa jina la utani walilopewa siku ya kwanza kambini. Bahati nzuri mara nyingine chini ya jina wameandika mwana wa fulani, wa Iringa, Tanganyika, mume wa fulani, hapo ndo utamtambua hata kama jina limeharibika.

Ukimpata na jina limekosewa, wanapokea masahihisho ukiwapelekea uthibitisho. Cheti cha ubatizo, barua ya zamani, chochote. Fanyeni hivyo tafadhali, msiseme aah ni herufi moja tu. Ni mtu.

Asipokuwepo tarehe hiyo, rudi umtafute bila tarehe, huenda ni ajali nyingine. Orodha yao inachukua waliokufa kuanzia Septemba 1939 hadi mwisho wa 1947, na waliorudi wakafia nyumbani miaka ya baadaye hawamo, wengi wanachanganya hapo, wanamtafuta babu aliyefariki 1970 wanasema orodha ni mbovu.

Mama habari za kazi. Baba wa babu yangu alikuwa mpagazi wa Mdachi vita ya kwanza, halafu Waingereza walipofika wakamchukua naye akawabebea hao. Makambako. Je naye anaweza kupatikana? (J.)

Nzuri ndugu yangu. Huyu ni mgumu, sitakudanganya.

Askari wa Mdachi, wale walioitwa Schutztruppe, karatasi za Kijerumani zipo Dar hapo Vijibweni na nyingine zipo Ujerumani, Freiburg kwa mambo ya jeshi na Berlin kwa mambo ya koloni, zimeandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo anahangaika nao. Lakini mpagazi? Mpagazi aliandikwa kama mzigo unavyoandikwa, idadi na siku. Majeshi ya jenerali Mwingereza Northey yalipopanda kutoka Nyasaland yakachukua Neu Langenburg, yaani Tukuyu, katikati ya 1916, na kufika Iringa tarehe 29 Agosti mwaka huohuo, chakula na risasi vyote vilikuwa vichwani mwa watu wetu, na njia yote hiyo walikuwa wanakufa kwa kuhara, kichomi na njaa. Jina la Kariakoo lenyewe linatoka kwenye Carrier Corps, kambi ya hao wapagazi. Na ile sanamu ya Askari pale Posta Dar, ya 1927, maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini jina hata moja hakuna.

Mwaka 2021 hiyohiyo tume ya makaburi ilitoa ripoti ikakiri, ikaomba radhi, kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao Afrika Mashariki na Misri. Baba wa babu yako akiwa alirudi akaoa akawazaa nyie, yeye alikuwa na bahati. Kwa hiyo kwako kumbukumbu ni masimulizi. Mrekodi mzee aliye hai leo, simu inatosha, muulize njia walizopita kijiji kwa kijiji, na majina ya wenzake waliokwenda naye wasirudi. Hayo majina ya wenzake ndo yanayohitajika zaidi, na tume siku hizi inayatafuta.

Mama, kuna mtu amepita huku Mlowo anaandikisha wajukuu wa Keya, anasema malkia aliacha fidia kabla hajafa, kila familia inatoa elfu thelathini ya fomu na kopi ya kitambulisho. Mama yangu ameshatoa. Ni kweli?

Hapana, na usiongeze hata shilingi. Mwambie mama asione aibu, wametapeliwa wengi kabla yake kwa sababu dai lenyewe lina ukweli nyuma yake. Askari walipoachishwa walipewa kiinua mgongo cha mara moja kulingana na cheo na muda, na hati iliyokutwa kwenye kumbukumbu za Uingereza inaonyesha mzungu alipewa hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile. Hasira hiyo ni ya haki kabisa. Lakini hakuna mfuko wa wajukuu. Nenda kwa mtendaji, nenda polisi na namba ya simu ya huyo mtu, na hizo kopi za vitambulisho ndo zinanitia wasiwasi kuliko hela, fuatilieni laini zilizosajiliwa kwa majina yenu.

Shikamoo. Baba yangu alikuwa mgambo vita ya Kagera, akarudi, sasa amefariki, hatuna karatasi yoyote. Uyole.

Marahaba. Huyu ni rahisi zaidi maana jeshi alilopigania lipo hadi leo. Keya ya Tanganyika ilikwisha, JWTZ ikaundwa Septemba 1964, na mambo ya Kagera ya 1978 na 1979 ni ya JWTZ. Anzia kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya, mwambie unataka kuandika Makao Makuu ya Jeshi. Nenda na cheti cha kifo, barua ya mtaa, karatasi ya usimamizi wa mirathi kama mmefungua, na majina ya wenzake wawili watatu waliokuwa naye. Wenzake wakiwa hai waandike maelezo yao sasa, wasaini, na tarehe iwepo.

Mama yangu, hili langu labda ni dogo. Babu yetu huku Mafinga alikuwa na ng'ombe dume akamwita Kolito. Alipokufa ng'ombe akampa mbwa jina hilohilo. Mbwa alipokufa akampa mjukuu, ni mdogo wangu, mpaka leo anaitwa Kolito na watoto wenzake walikuwa wanamcheka. Tukimuuliza babu alikuwa anasema "ni mahali". Alikuwa askari lakini hakusema mengi. Hakuna medali, ziliibiwa. (Dada wa Kolito)

Dogo? Mwanangu hii ndiyo barua niliyoisubiri.

Kolito ni mahali kweli. Ni mji wa Ethiopia kusini, siku hizi ukitafuta kwenye ramani andika Halaba Kulito, karibu na mto Bilate. Mei 1941 Waitaliano walikuwa wamejichimbia ng'ambo ya huo mto, na kikosi kilichovuka kuwatoa kilikuwa 1/6 KAR, kikosi cha Tanganyika. Tarehe 19 vifaru vya Waitaliano vikawarudia kwa nyuma, askari hawana silaha ya kuvizuia, sajini mmoja anaitwa Nigel Leakey akarukia kifaru kwa mikono akafungua mfuniko, akakichukua, akaenda kujaribu na kingine, huko ndo akafa, akapewa Victoria Cross ambayo ndiyo nishani ya juu kabisa ya Waingereza. Huyo jina lake lipo kwenye vitabu. Waliokuwa nyuma yake kwenye maji wanavuka na bunduki vichwani ni watu wa huku kwetu, na babu yako kwa vyovyote alikuwa mmoja wao, maana mtu hampi ng'ombe, mbwa na mjukuu jina la mahali alipopita kwa lori.

Kwa hiyo kikosi unacho, 1/6 KAR. Kew omba shajara yake ya 1941, iko kwenye ule mkusanyiko wa WO 169 niliomtajia wa Tukuyu, usome mwezi wa tano. Halafu endelea 1942, kikosi hichohicho kilipelekwa Madagaska, brigedi yao ikashuka Majunga mwezi wa tisa na kutembea kusini hadi Wafaransa wa Vichy, wale wa serikali iliyoshirikiana na Wajerumani, walipokubali kushindwa mwezi wa kumi na moja. Waulize wazee kama babu aliwahi kutaja watu wanaosema Kifaransa.

Na kuna jingine. Kikosi hicho kiliithamini vita hiyo kiasi kwamba kambi yake ya Dar ikaitwa Colito Barracks. Ni kambi ileile ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikaitwa Lugalo, na Lugalo unaijua, ni hapo Iringa ambapo Mkwawa aliwapiga Wajerumani wa Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Yaani jina la vita ya babu yako liliondolewa likawekwa jina la vita ya babu zake.

Mdogo wako mwambie asilibadilishe jina. Na naomba mniandikie tarehe aliyozaliwa babu na jina la baba yake, kama kuna kitabu cha ubatizo Tosamaganga nitakwenda mwenyewe wiki ya pili ya mwezi ujao, nina safari ya Iringa.